Seli Zisizokufa: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Maswali haya hurudiwa na wanafunzi wa maabara, wazazi waliopeleka watoto kliniki, na wagonjwa waliowekewa fomu ya ridhaa mbele yao. Kila jibu linajitegemea. Jambo lililokwisha kuelezwa mahali pengine limetajwa kwa namba ya swali lake.

## Misingi

1. Seli isiyokufa ni nini hasa?

Seli ya kawaida ya binadamu ikikuzwa nje ya mwili ina kikomo. Mwaka 1961 Leonard Hayflick na Paul Moorhead walionyesha kuwa seli za kijusi hujigawa mara 40 hadi 60, kisha husimama. Sababu ilieleweka baadaye: ncha za kromosomu, ziitwazo telomea, hupungua kidogo kila seli inapojigawa, na zikifikia ufupi fulani seli hukataa kuendelea. Seli zisizokufa zimevuka mpaka huo, mara nyingi kwa kuwasha kimeng'enya cha telomerezi kinachorefusha ncha hizo upya.

Jina lenyewe lina chumvi. Chupa ya seli za HeLa (swali la 4) ukiisahau wiki mbili bila kubadilisha midia, yaani maji ya kuzilishia, utakuta zimekufa zote. Kisichokufa ni ukoo: maadamu kuna mtu wa kulisha na kugawa, kizazi hufuata kizazi. Ndiyo maana hapa tunasema "ukoo wa seli". Wengine husema "laini ya seli", laini kama ya simu, si ulaini wa ngozi.

2. Zinapatikanaje?

Kwa njia tatu. Ya kwanza ni kuzikuta tayari hivyo ndani ya uvimbe wa saratani, kama HeLa. Ya pili ni kutumia kirusi au kipande cha vinasaba vyake: HEK293 ilitokana na seli za figo la kijusi zilizotiwa DNA ya adenovirusi ya aina ya 5 huko Leiden, Uholanzi, mwaka 1973, na namba 293 ni namba ya jaribio. Kirusi cha Epstein-Barr nacho hufanya kazi hiyo kwenye seli za damu (swali la 6). Ya tatu ni kuingiza jeni ya telomerezi moja kwa moja, iliyofanikiwa kwa seli za kawaida za binadamu mwaka 1998.

3. WI-38 na MRC-5 nazo hazifi?

Zinakufa. Ni seli za kawaida za mapafu ya vijusi, zina kromosomu 46, na hufikia kikomo cha Hayflick. Zimedumu tangu miaka ya 1960 kwa sababu ziligandishwa mapema zikiwa na migawanyiko mingi mbele yake. Watu huzichanganya na HeLa hasa kwenye mijadala ya chanjo (swali la 13).

## Zilitoka kwa nani

4. HeLa ni nani?

Ni Henrietta Lacks, Mmarekani mweusi aliyezaliwa Virginia mwaka 1920, mama wa watoto watano. Mapema mwaka 1951 alitibiwa saratani ya mlango wa kizazi katika hospitali ya Johns Hopkins, Baltimore. Kipande cha uvimbe wake kilipelekwa maabara ya George Gey, ambako seli zilijigawa mara dufu kila baada ya saa 24 hivi bila kuchoka. Yeye mwenyewe alifariki tarehe 4 Oktoba mwaka huohuo, akiwa na miaka 31. Hakuulizwa kuhusu utafiti, wala hakuambiwa.

Miaka miwili baadaye HeLa zilikuwa zikizalishwa kwa wingi Tuskegee, Alabama, ili kupimia chanjo ya polio ya Salk. Kilele kilifikia mirija kama 20,000 kwa wiki. Wahudumu wa maabara hiyo walikuwa weusi. Taasisi hiyohiyo, wakati huohuo, ilikuwa inahusika na utafiti wa kaswende ambao wanaume weusi waliachwa bila tiba hadi 1972. Mambo hayo mawili yalikaa uwanja mmoja.

Familia ilijua habari za seli hizo miaka ya 1970, pale watafiti walipotaka damu ya watoto wake ili kutatua tatizo la kiufundi lililoelezwa katika swali la 18.

5. Kuna koo za seli zilizotoka Afrika Mashariki?

Zipo, na zimefanya kazi kubwa kuliko zinavyojulikana kwao. Mwaka 1958 daktari wa upasuaji wa hospitali ya Mulago, Kampala, Denis Burkitt, alichapisha maelezo ya uvimbe wa taya unaokua kwa kasi kwa watoto, saratani inayoitwa sasa kwa jina lake. Mwaka 1961 alitoa mhadhara London. Mtafiti Anthony Epstein alikuwepo na akaanza kuomba sampuli kutoka Kampala. Karibu miaka miwili hakuona kitu. Desemba 1963 ndege iliyobeba sampuli ikageuzwa kwenda Manchester kwa sababu ya ukungu, na chupa ilipofika jioni maji yake yalikuwa yamechafuka. Kwa kawaida hiyo ni dalili ya bakteria, na chupa humwagwa. Epstein alitazama kwanza kwa darubini: zilikuwa seli hai za uvimbe zikielea. Aliamua kuzikuza zikielea hivyohivyo, na mwaka 1964 yeye, Yvonne Barr na Bert Achong wakaona ndani yake kirusi kinachobeba sasa majina ya wawili kati yao. Mtoto mgonjwa hakutajwa.

Ukoo wa seli uitwao Daudi ulitokana na saratani ya Burkitt ya kijana Mkenya wa miaka 16 na kuanzishwa mwishoni mwa miaka ya 1960. Seli zake hazina protini ya beta-2 mikroglobulini, kwa hiyo haziwezi kuonyesha juu ya ngozi ya seli HLA daraja la kwanza, alama ambazo kinga hutambulia seli za mwili. Wachunguzi wa kinga huzitumia kama shabaha kwa sababu hiyohiyo. Namalwa ulitoka kwa mtoto wa kike wa Afrika Mashariki mwenye Burkitt, na kampuni ya Wellcome iliukuza kwenye matangi ya maelfu ya lita kutengeneza intaferoni, protini ya kupambana na virusi. Raji ni wa Nigeria, 1963. Tazama majina: leo hakuna kamati ya maadili ingeruhusu ukoo wa seli uitwe jina linalofanana na la mtu.

6. Na damu iliyochukuliwa Webuye?

Huu ndio mfano wa kisasa ulio karibu nasi zaidi. Mradi wa kimataifa wa HapMap, uliolinganisha vinasaba vya watu wa sehemu mbalimbali, ulichukua damu ya Waluhya wa Webuye, Kenya, na baadaye Mradi wa Jenomu 1000 ukaitumia pia. HapMap pia ulichukua ya Wamasai wa Kinyawa, Kenya. Seli B (aina ya seli nyeupe za damu) za wachangiaji ziligeuzwa koo zisizokufa na kuhifadhiwa Taasisi ya Coriell, New Jersey. Toleo la mwisho la Mradi wa Jenomu 1000, la 2015, lina watu 99 wa Webuye kati ya 2,504.

Kazi yenyewe si ngumu. Mililita chache za damu hutenganishwa kwa kimiminika cha Ficoll kupata seli nyeupe, huongezwa maji yenye kirusi cha Epstein-Barr yaliyovunwa kutoka ukoo wa seli wa B95-8, kisha siklosporini, dawa ya kupunguza kinga, huwekwa ili seli T zisiue seli B zilizoambukizwa. Baada ya wiki tatu au nne unaona vishada vya seli vinavyoelea. Kirusi kilichoonekana kwanza ndani ya uvimbe wa mtoto wa Uganda ndicho kinachoifanya damu ya Mkenya isife.

Kimaadili hapa pana tofauti na 1951. Ridhaa ilichukuliwa, mazungumzo na jamii yalifanyika, na sampuli hazina majina wala taarifa za ugonjwa. Watafiti huelekezwa kuandika "Waluhya wa Webuye, Kenya" na si "Waluhya" au "Waafrika", maana watu 99 wa mji mmoja hawawezi kubeba taifa, sembuse bara. Ugumu uliobaki ni kwamba ridhaa ilikuwa pana: aliyetoa damu hakuweza kujua utafiti gani utafanywa miaka 20 mbele, na vinasaba vyake viko wazi kwa yeyote mwenye intaneti.

## Ridhaa, mali na fedha

7. Mwaka 1951 kulikuwa na sheria iliyovunjwa?

Hapana. Marekani haikuwa na sheria ya kumtaka daktari aombe ridhaa kwa mabaki ya tishu, na desturi hiyo iliwahusu pia wagonjwa weupe. Hoja hii hutolewa mara nyingi kufunga mjadala, ila haifungi kitu. Ubaya mkubwa ulifuata baadaye, wakati kanuni zilikuwepo: rekodi za matibabu za familia zilichapishwa, na Machi 2013 watafiti wa Heidelberg, Ujerumani, waliweka jenomu nzima ya HeLa, yaani vinasaba vyake vyote, hadharani bila kuuliza watoto na wajukuu ambao wana sehemu ya vinasaba hivyo. Iliondolewa. Agosti mwaka huohuo taasisi ya serikali ya utafiti wa afya ya Marekani (NIH) ilikubaliana na familia kwamba data hizo zitolewe kwa maombi tu, na wanafamilia wawe kwenye kamati inayoyapitia.

8. Familia ya Lacks ililipwa?

Kwa miongo mingi hapana, huku kampuni zikiuza vichupa vya HeLa. Oktoba 2021 warithi waliishtaki Thermo Fisher, na mwaka 2023 pande mbili zikamalizana nje ya mahakama kwa masharti ya siri. Kesi dhidi ya kampuni nyingine zilifuata. Kwa kuwa kesi ya kwanza iliisha kwa makubaliano, haikuacha hukumu ambayo mtu mwingine anaweza kuegemea.

9. Seli zikishatolewa mwilini mwangu ni mali yangu?

Kesi inayonukuliwa sana ni ya John Moore. Mwaka 1976 aliondolewa wengu katika hospitali ya chuo kikuu cha UCLA, California, kwa sababu ya saratani ya damu, na daktari wake akaendelea kumwita kwa vipimo miaka kadhaa huku akitengeneza ukoo wa seli uliopata hataza mwaka 1984. Mwaka 1990 Mahakama ya Juu ya California iliamua kuwa Moore hana umiliki wa seli zilizotoka, lakini daktari alikuwa na wajibu wa kumwambia kwamba ana maslahi ya utafiti na fedha. Kwa kifupi: hukumu haikukupa mali, ilikupa haki ya kujua.

Hukumu hiyo haifungi mahakama za Dodoma wala Nairobi. Ila mwelekeo wake unaonekana kwenye fomu nyingi za ridhaa, ambazo husema wazi kuwa hutapata mgawo wa faida.

10. Nimeombwa kusaini fomu. Niulize nini?

Anza na maneno mawili: "sampuli itakayobaki". Hapo ndipo ukoo wa seli huzaliwa. Uliza itahifadhiwa wapi, kwa miaka mingapi, na kama itaweza kutumika kwa utafiti mwingine. Uliza waziwazi: mtatengeneza seli zisizokufa? Mtasoma jenomu nzima? Data itakuwa wazi kwa wote au kwa maombi? Fomu nyingi huweka visanduku tofauti kwa kila jambo. Una haki ya kukubali utafiti wa leo na kukataa uhifadhi wa kesho.

Uliza pia kama jina litaondolewa kabisa au litabadilishwa na namba inayoweza kufuatiliwa. Kuondoa jina kabisa hulinda siri, lakini hukuzuia kujitoa baadaye, na ukigundulika na tatizo la kurithi hakuna atakayeweza kukutafuta. Kukataa kusaini hakupaswi kuathiri matibabu yako. Anayekuambia vinginevyo amekosea, na namba ya simu ya kamati ya maadili hutakiwa kuwepo kwenye fomu hiyohiyo.

11. Nikibadili mawazo baada ya kusaini?

Tishu iliyobaki inaweza kuharibiwa, na data zinazokutambulisha zinaweza kuacha kutumika. Ukoo uliokwisha kusambazwa kwa maabara za nchi kumi haurudi. Fomu nzuri husema hivyo kabla hujasaini.

12. Sampuli yangu inaweza kusafirishwa nje ya nchi?

Ndiyo, kwa masharti. Tanzania utafiti wa afya hupitia taasisi ya taifa ya utafiti wa magonjwa (NIMR) na sampuli hutakiwa kuwa na mkataba wa uhamishaji. Kenya hutakiwa kibali cha kamati ya maadili na leseni ya tume ya taifa ya sayansi (NACOSTI). Uganda husimamiwa na baraza la taifa la sayansi (UNCST). Mkataba hutaja kiasi, matumizi, mwisho wa matumizi, na kama mpokeaji anaruhusiwa kumpa mtu wa tatu. Kifungu kinachosahaulika ni cha vitu vilivyozalishwa kutokana na sampuli. Mkataba ukitaja "damu" pekee, mpokeaji anaweza kudai kuwa ukoo wa seli si damu. Andikeni "pamoja na seli, DNA na data zitakazotokana nayo". Usitegemee Itifaki ya Nagoya, mkataba wa kimataifa wa kugawana faida za vinasaba: haihusu vinasaba vya binadamu. Sheria za ulinzi wa taarifa binafsi (Kenya na Uganda 2019, Tanzania 2022) zinagusa data, hazigusi chupa.

## Chanjo na imani

13. Ni kweli chanjo zina seli za vijusi?

Baadhi ya virusi vya chanjo hukuzwa ndani ya seli hizo, kisha kirusi hutengwa na kusafishwa. Kirusi cha rubela aina ya RA 27/3 hukuzwa kwenye WI-38 au MRC-5, zilizotokana na mimba mbili zilizotolewa miaka ya 1960. Hakuna mimba mpya inayohitajika. Chanjo ya UVIKO-19 ya AstraZeneca ilitumia HEK293 na ya Janssen ilitumia PER.C6, ukoo mwingine wa seli za kijusi. Za Pfizer na Moderna hazikutengenezwa ndani ya seli, ingawa HEK293 zilitumika kwenye majaribio ya awali.

Kwa Wakatoliki, waraka wa Vatikani wa Desemba 2020 uliruhusu chanjo hizo pale ambapo nyingine hazipatikani, na ukasema kuzitumia si kuunga mkono utoaji mimba. Kwa Waislamu swali huwa pana zaidi. Tazama la 15.

14. Chanjo ya HPV (kirusi cha saratani ya mlango wa kizazi) imetokana na HeLa?

Haina seli za binadamu kabisa. Gardasil hutengenezwa kwa hamira na Cervarix kwa seli za wadudu. Uhusiano uko kwingine: saratani ya Henrietta Lacks ilisababishwa na HPV ya aina ya 18, ambayo timu ya Harald zur Hausen iliitambua miaka ya 1980 na kuikuta pia ndani ya HeLa. Aina hiyo imo kwenye chanjo iliyoanza kutolewa kwa wasichana nchi nzima Tanzania mwaka 2018 na Kenya 2019.

15. Tripsini ya nguruwe inahusikaje?

Ni kimeng'enya cha kubandua seli kwenye chupa, na kwa desturi hutoka kwenye kongosho la nguruwe. Katika uzalishaji huoshwa na kuondolewa. Mjadala wa kifiqhi huegemea istihala, yaani kitu kubadilika asili, na dharura. Maabara inayotaka kuepuka suala hili inunue kimeng'enya kilichotengenezwa na vijidudu. Kipo sokoni, bei ni kubwa.

## Ndani ya maabara

16. Nimepokea kichupa cha HeLa au Daudi. Nianzeje?

Yeyusha haraka: maji ya nyuzi 37, dakika moja hadi mbili, toa kikiwa na kipande kidogo cha barafu. Futa nje kwa ethanoli ya asilimia 70. Hamishia kwenye mililita 9 za midia ya uvuguvugu ukidondosha polepole, zungusha kwenye sentrifuji kwa nguvu ya 200 g (mara 200 ya mvutano wa dunia, si gramu) dakika 5, mwaga maji ya juu yenye DMSO (kemikali ya kulinda seli zikigandishwa), weka kwenye chupa ndogo ya T25. HeLa hupenda midia ya DMEM, Daudi ya RPMI 1640, zote na seramu ya ndama asilimia 10, nyuzi 37, CO2 asilimia 5.

HeLa hushika chini. Zikijaza asilimia 80 osha kwa maji ya chumvi ya PBS yasiyo na kalsiamu, maana seramu iliyobaki huizima tripsini, na hilo ndilo kosa la kwanza la wanafunzi. Weka tripsini-EDTA ya 0.25% mililita 2 au 3 kwa T75, subiri dakika 3 hadi 5, zima kwa midia yenye seramu, gawa 1 kwa 4. Daudi huelea, hazihitaji tripsini; ziweke kati ya seli laki 3 na milioni 2 kwa mililita. Ukizipunguza kupita kiasi hukwama kukua.

Gandisha akiba ndani ya wiki mbili za mwanzo, kabla hujaanza majaribio: seli milioni 1 hadi 2 kwa mililita, DMSO asilimia 10, kushuka nyuzi 1 kwa dakika hadi -80, kesho yake kwenye naitrojeni. Fanya haraka baada ya kutia DMSO, kwani kwenye joto la chumba ni sumu kwao.

17. Midia imebadilika rangi. Kuna nini?

Njano na maji safi: seli zimejaa, gawa. Njano na maji machafu: bakteria, mwaga kwa klorini. Ila kwa Daudi uchafu huo unaweza kuwa seli zenyewe, kwa hiyo tazama kwa darubini kwanza (kumbuka swali la 5). Zambarau: CO2 haifiki, angalia mtungi kabla ya kulaumu midia.

Maikoplazma, bakteria wadogo mno, haibadilishi rangi wala haichafui maji. Haina ukuta wa seli, hivyo penisilini haiigusi, na hupenya kichujio cha mikroni 0.22. Pima kwa PCR (kipimo cha DNA) kila mwezi na kila seli ngeni inapoingia.

18. Nitajuaje kuwa seli zangu ndizo zenyewe?

Kwa macho hutajua. Mwaka 1966 Stanley Gartler alionyesha kuwa koo 18 zilizodhaniwa tofauti zilikuwa na aina ya kimeng'enya cha G6PD inayopatikana zaidi kwa watu wenye asili ya Afrika, ingawa baadhi zilisemekana kutoka kwa Wazungu. Zilikuwa HeLa, zimeingia kwa pipeti na matone ya hewani, zikawashinda wenyeji kwa kasi. HEp-2, KB, Chang Liver na Intestine 407 bado huuzwa kwa majina hayo, na zote ni HeLa.

Linganisha alama za STR (vipande vya DNA vinavyojirudia) na kumbukumbu za ukoo: ulinganifu wa asilimia 80 na zaidi huhesabiwa kuwa ni ukoo mmoja. Angalia jina kwenye orodha ya ICLAC ya koo zilizotambulishwa kimakosa kabla ya kununua. Fanya kazi na ukoo mmoja kwa wakati mmoja ndani ya kabati, kila mmoja na chupa yake ya midia, HeLa ya mwisho kwa siku.

19. Umeme ukikatika?

Usifungue inkubeta. Ukikatika kwa muda mrefu, kaza vifuniko vya chupa ili CO2 isitoke. HeLa huvumilia, miaka ya 1950 zilisafirishwa kwa posta. Akiba ikae kwenye naitrojeni ambayo haitegemei umeme, na mara nyingi muuzaji wa karibu ni kituo cha uhimilishaji wa ng'ombe. Pima kina cha naitrojeni kwa fimbo kila wiki, uandike.

## Yasiyo ya kawaida

20. Nikijichoma sindano yenye HeLa nitapata saratani?

Karibu kila mara kinga itaziua, kwa kuwa ni za mtu mwingine. Lakini mwaka 1986 iliripotiwa mhudumu wa maabara aliyeota uvimbe mkononi baada ya kujichoma na seli za saratani ya utumbo. Hatari ya kila siku ni virusi: Daudi, Raji na Namalwa zina Epstein-Barr, zifanyie kazi kwa usalama wa daraja la 2. Ukijichoma, acha damu itoke, osha kwa sabuni, toa taarifa siku hiyohiyo.

21. Naweza kukuza seli zangu mwenyewe?

Usifanye. Kinga yako haitazikataa, na ukiwa umezigeuza kuwa zisizokufa umejitengenezea uvimbe unaosubiri sindano. Maabara nyingi zinakataza wafanyakazi kutumia hata damu ya wenzao wa zamu.

22. HeLa bado ni seli za binadamu?

Zina kromosomu 76 hadi 80 badala ya 46, na HeLa za maabara mbili hazifanani kabisa, kwa hiyo andika chanzo na namba ya kizazi kwenye kila ripoti. Wapo waliopendekeza ziitwe spishi mpya. Pendekezo hilo halikushika. Vinasaba vyake vingi bado ni vya Henrietta Lacks, vya kutosha kusema jambo kuhusu wajukuu zake, na ndiyo maana data zake bado zinaombwa kwa kamati.